Filta ya dizeli inapovuja kwenye Toyota ya zamani: mwongozo kamili wa kuitafuta na kuitibu

Hilux yangu yenye injini ya dizeli ya 3L ilianza kwa uvivu wa asubuhi. Mchana ukiizima na kuiwasha baada ya nusu saa, inashika hapo hapo. Ikilala usiku kucha, unapiga stata mpaka unaionea huruma betri. Fundi wa kwanza akasema hita plagi, zile za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha, tukabadilisha zote nne. Wa pili akasema pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa nguvu kwenda kwenye silinda, imechoka; ikashushwa, ikapelekwa kupimwa, ikarudi na bili ya kuumiza kichwa, na kesho yake gari likagoma vilevile. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mpira wa filta. Siku filta ilipobadilishwa, mpira wa zamani ulibaki umeng'ang'ania juu kwenye kichwa cha filta (kile kipande filta inapofungwa), filta mpya ikafungwa na mpira wake juu ya ule wa zamani. Mipira miwili imepandana, hewa inapita katikati.

Ninayoandika hapa yanawahusu wenye Hilux na Hiace za 2L, 3L na 5L, na Land Cruiser za 1HZ. Ni injini zinazofanana sana upande wa mafuta, na mtu mwenye spana chache na subira anaweza kuimaliza kazi hii nyumbani.

Mafuta yanatembeaje

Usiruke sehemu hii, kwa sababu ndiyo inayowapiga chenga mafundi wengi.

Kwenye injini hizi hakuna pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu ya nozeli ni ya mzunguko, aina ya VE, na ndani yake mna kipampu kidogo cha mapezi. Hicho ndicho kinachovuta dizeli kutoka tangini, ikapita kwenye filta, ikafika kwenye pampu. Yaani filta iko upande wa kuvuta. Injini ikiwa inanguruma, ndani ya filta mafuta yananyonywa kama soda kwenye mrija, na mrija ukiwa na tobo hautoi soda, unaingiza upepo.

Ndiyo maana filta inaweza kuwa na tundu na isidondoshe hata tone moja gari likiwa linatembea. Ukizima, dizeli iliyomo inaanza kurudi tangini taratibu, na hewa inaingia kuchukua nafasi yake. Asubuhi pampu inakuta mrija umejaa upepo. Utaona majimaji tu pale unapobonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta, au tangi likiwa limejaa na gari limeegeshwa pua ikitazama bondeni.

Kwa hiyo filta kavu haithibitishi kwamba filta ni nzima. Na mtu akikuambia "haivuji, nimeiangalia," muulize kama alibonyeza pampu ya mkono kwanza.

Si magari yote yako hivi. Land Rover yenye injini ya 300Tdi ina pampu ndogo ubavuni mwa injini inayosukuma dizeli kwenda kwenye filta; Mercedes W124 za dizeli nazo zina ya namna hiyo kwenye pampu ya nozeli. Huko filta kubwa imo kwenye shinikizo, na ikitoboka inadondosha injini ikiwa inafanya kazi. Mwenye gari la hivyo kazi yake ni nyepesi: afuate unyevu.

Je, ni hewa kweli?

Kabla hujafungua chochote, tazama ekzosi. Mwambie mtu apige stata asubuhi gari likiwa baridi, wewe simama nyuma. Stata ikizunguka na bomba likatoa moshi mweupe, dizeli inafika kwenye silinda ila haiwaki. Hapo hita plagi ndizo za kutiliwa shaka kwanza. Ikizunguka bila moshi wowote, dizeli haifiki. Kipimo hiki hakina gharama, na kingeniokolea seti nzima ya plagi.

Kisha, asubuhi nyingine, kabla ya kugusa swichi, fungua boneti na ubonyeze pampu ya mkono. Ikiwa mfumo hauna tatizo, utabonyeza mara chache na itakuwa ngumu. Ikizama laini mara kumi, ishirini, ndipo ianze kukaza, na baada ya hapo gari likawaka kwa stata moja, umepata jibu: usiku mafuta yalikimbia.

Dalili nyingine ni gari kuwaka vizuri kisha kuzima baada ya nusu dakika (limemaliza dizeli iliyokuwa kwenye pampu), kukosa nguvu mlimani, au kusitasita tangi likishuka chini ya robo. Hiyo ya robo tangi inatokea kwa sababu dizeli inavutwa kutoka chini zaidi, basi tundu lililokuwa linavumilika linaanza kuumiza.

Vitu vya kuwa navyo

Spana za 10, 12, 14 na 17. Ukanda au mnyororo wa kufungulia filta. Bisibisi, tochi, matambara, beseni, dizeli safi lita tano kwenye galoni, na mpira wa mafuta unaoonyesha kilichomo ndani, urefu wa mkono mmoja. Ongeza poda ya mtoto, nitaeleza. Filta mpya nunua ukiwa umebeba ya zamani mkononi, ulinganishe nyuzi za skrubu, upana wa mpira wa juu, na tundu la chini la sensa ya maji. Filta feki nyingi zinaingia bila shida, ila mpira wake ni mgumu na mwembamba.

Kuhusu usalama nina mambo mawili tu. Dizeli haishiki moto haraka kama petroli, lakini ikidondokea kwenye manifoldi ya ekzosi yenye moto inawaka, kwa hiyo subiri injini ipoe, na sigara ikae mbali. La pili ni zito zaidi: usipapase kwa kidole vile vibomba vya chuma vinavyokwenda kwenye nozeli wakati injini inafanya kazi. Humo shinikizo linapita baa 100, na mchirizi mwembamba wa dizeli unapenya ngozi. Kidonda kinaweza kuonekana kama cha sindano tu, lakini ni cha kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Kutafuta tundu linalotoa majimaji

Osha filta, kichwa chake na mipira yote kwa brashi, maji na sabuni ya unga, kisha ifute mpaka ikauke kabisa. Uchafu wa mafuta ya miaka kumi unaficha kila kitu, na kusafisha ndiyo nusu ya kazi. Ikishakauka, paka poda ya mtoto juu ya kichwa, kwenye maungio ya mipira na kuzunguka sehemu ya chini ya filta. Chaki iliyosagwa nayo inafaa.

Sasa bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, kisha endelea kuisukuma kwa nguvu mara nyingine ishirini. Hapo unaigeuza filta: ilikuwa ya kuvuta, sasa ina shinikizo. Subiri dakika kumi. Poda itageuka kijivu cheusi pale palipo na unyevu. Anza kusoma kutoka juu, maana dizeli huteremka. Tone linaloning'inia kwenye koki ya chini mara nyingi limezaliwa kichwani.

Unyevu ukionekana kwenye pampu ya mkono yenyewe, chini ya kitufe unachobonyeza, mpira wake wa ndani umechanika. Kwa uzoefu wangu huyu ndiye mwizi nambari moja kwenye gari lililopita miaka ishirini. Mpira umekauka, umepata nyufa, unapitisha hewa gari likitembea na unatoka machozi ukiubonyeza.

Unyevu ukiwa kati ya kichwa na mkebe wa filta, ni ule mpira mkubwa: umepandana na mwingine, umekatika, umekaa juu ya mchanga, au filta haikukazwa.

Chini, kwenye sensa ya maji, angalia sehemu mbili. Kuna oringi (kijipete cha mpira) ya sensa inapoingia kwenye filta, na kuna koki ya kutolea maji. Koki ni ya plastiki, na watu huikaza kwa plaizi wakati ilitengenezwa ya vidole.

Mwisho ni maungio ya mipira na zile bolti zenye tundu, kama kichwa cha filta yako kinazo. Ukiona jasho kwenye bolti, wosha zake zimechoka. Ukiliona kwenye kichwa chenyewe, mahali pasipo na kiungo chochote, basi alumini imepasuka na kichwa hicho hakitibiki. Kuna watakaokuambia kibandikwe gundi ya chuma. Itashika wiki mbili.

Kila kitu kikavu, lakini gari bado linagoma

Kumbuka pampu ya mkono ina vali ya kuzuia mafuta yasirudi. Ukiibonyeza, unapima kuanzia filta kwenda mbele tu. Sehemu inayotoka tangini hadi filta haijaguswa na kipimo hicho.

Kwanza tafuta mahali hewa inapopita. Chomoa mpira unaotoka kwenye filta kwenda pampu ya nozeli, weka mahali pake ule unaoonyesha ndani, kaza klipu, bonyeza pampu ya mkono, washa. Viputo vichache mwanzoni ni mabaki, viache vipite. Dakika tano baadaye bado unaona viputo vinakimbia kwenda kwenye pampu, hewa inaingia kabla ya hapo. Kiputo kimoja kilichosimama kwenye kona ya juu bila kusogea kisikushughulishe.

Sasa hamishia mpira huo kabla ya filta, upande unaotoka tangini. Viputo vikionekana na hapo, tatizo liko kwenye laini ya tangi: mpira mfupi juu ya tangi uliopasuka, au bomba la chuma lililoliwa na kutu pale linapobanwa na vishikizo vya chasisi. Visipoonekana hapo lakini vilikuwepo mbele, mhalifu ni filta na vitu vyake.

Kama viputo havijitokezi vizuri, tumia galoni. Chomoa laini ya tangi kwenye filta, unganisha mpira mrefu unaoingia kwenye galoni la dizeli safi, na liweke chini sakafuni, usawa wa tangi. Usiliweke juu ya boneti: dizeli itateremka yenyewe na tundu la hewa litajificha. Toa hewa, washa, zima, acha gari lilale hivyo. Asubuhi likiwaka mara moja, tafuta nyuma, kwenye tangi. Likigoma, tatizo liko kwenye filta au kwenye mipira ya kurudisha mafuta.

Hii mipira ya kurudisha husahaulika sana. Ni vile vijimpira vyembamba vilivyosukwa nje kwa uzi, vinavyoruka kutoka nozeli moja hadi nyingine. Vikikauka vinalowa kidogo tu, huoni hasara yoyote, lakini usiku hewa hupenyea humo na kuyaachia mafuta yarudi tangini. Ni bei rahisi. Badilisha vyote kwa pamoja, pamoja na kile kizibo cha mwisho.

Kutibu

*Mpira wa filta.* Chomoa waya wa sensa kwanza. Weka beseni, legeza koki, acha dizeli ishuke. Fungua filta kwa ukanda. Kisha ingiza tochi na uangalie juu kwenye kichwa, upitishe na kidole: mpira wa zamani umeshuka na filta, au umebaki? Nilikwisha kusimulia yangu. Futa uso wa kichwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Paka mpira mpya dizeli, jaza filta dizeli safi kama unaweza, ipandishe kwa mkono. Mpira ukigusa, ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono, basi. Ukanda ni wa kufungulia tu.

*Sensa na oringi yake.* Sensa inahama kutoka filta ya zamani kwenda mpya, na mara nyingi imeng'ang'ania. Usishike mkebe kwa vaisi ukanyonga sensa kwa nguvu. Ni plastiki, itakatika na utaanza kutafuta nyingine mjini. Mwagia maji ya moto kuzunguka, subiri, nyonga taratibu. Oringi iwe mpya kila mara. Filta nzuri huja nayo kwenye boksi. Isipokuja, sijui kwa nini umeinunua.

Hapa nionye kuhusu tabia mbili za gereji. Moja ni kukata oringi kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Mpira wa tyubu unazuia hewa vizuri sana lakini hauwezi dizeli: unavimba, unalainika, unatoka kwenye nafasi yake. Ya pili ni kupaka silikoni. Silikoni ya kawaida nayo inalainishwa na dizeli, na vipande vyake vikimeguka upande wa baada ya filta, vinakwenda moja kwa moja kwenye pampu ya nozeli. Tepu ya bomba la maji ina kosa hilohilo la vipande.

Omba oringi ya vitoni ikiwa duka linazo. Inavumilia dizeli kuliko ile nyeusi ya kawaida. Kuna sababu nyingine ya kuzeeka ghafla kwa mipira hii. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ni jambo jema kwa mapafu yetu, lakini usafishaji unaoondoa salfa hubadilisha pia kemikali nyingine zilizokuwa zinaivimbisha mipira ya zamani. Mpira uliozoea kuvimba ukipata dizeli ya namna nyingine unaweza kusinyaa, na kilichokuwa kinaziba hakizibi tena. Marekani waliyaona hayo mwaka 1993 walipopunguza salfa kwenye dizeli yao. Gari lililokaa na mpira uleule tangu litoke Japani lina haki ya kuvuja.

*Pampu ya mkono.* Kuna vifaa vya kuikarabati, mpira na springi, lakini nimevifunga mara mbili na mara zote mbili nikarudia baada ya miezi. Sasa nanunua kichwa kizima chenye pampu yake. Watu wa pwani wana dawa yao: wanafunga kile kibofu cha mpira cha kubana kwa mkono, cha injini za boti, katikati ya laini ya tangi. Kinafanya kazi, na ukiwa barabarani usiku kinaokoa. Lakini nacho kina viungo viwili vipya vya kuvuja, na kikikaa karibu na joto la injini kinapasuka. Kichukue kama mkongojo.

*Mipira.* Kata sehemu iliyopasuka kama urefu unatosha. Mara nyingi ncha tu ndiyo imekufa. Mpya uwe mpira wa mafuta, si wa gesi ya jikoni wala wa maji. Klipu za skrubu zikikazwa sana hukata mpira, hivyo kaza mpaka usizunguke kwa mkono, halafu acha.

*Wosha za shaba.* Mpya ni bora. Ukikwama kijijini, ya zamani unaipasha moto mpaka iwe nyekundu hafifu, unaiacha ipoe, unaisugua kwa msasa laini. Shaba hulainika upya na kuziba. Wosha ya alumini usiifanyie hivyo, itayeyuka mbele ya macho yako.

Kutoa hewa na kuwasha

Kama kichwa cha filta kina skrubu ya kutolea hewa, ilegeze nusu mzunguko, weka kitambaa, bonyeza pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila povu, funga huku ukiwa umebonyeza. Kama hakina, bonyeza tu, hata mara hamsini, mpaka kidole gumba kishindwe. Hewa itasukumwa kwenye pampu ya nozeli na kutoka kwa laini ya kurudi.

Choma hita plagi mara mbili mfululizo. Piga stata si zaidi ya sekunde kumi na tano, pumzisha dakika moja, rudia. Injini ikishika itatetemeka na kumisi. Ishikilie kwa mafuta kidogo mpaka itulie. Isiposhika baada ya majaribio matatu, rudi kubonyeza badala ya kuua betri. Ikigoma kabisa, legeza nati ya bomba kwenye nozeli mbili, mzunguko mmoja tu, funika kwa tambara, mtu apige stata mpaka tambara lilowe, kaza, jaribu tena. Uso wako uwe mbali.

Likishawaka, acha lingurume dakika kumi, kisha lizime na upake poda upya.

Osha pia mahali dizeli ilipodondokea. Inakula mipira ya kushikia injini na hozi za rejeta, na kwenye injini zote nilizotaja mkanda wa taiming ni wa mpira. Kama majimaji yalifika kwenye kava lake, fungua uutazame. Filta ya zamani iache iishe matone kwenye chombo usiku mzima. Dizeli hiyo usiirudishe tangini, ina maji na uchafu uleule uliolipia filta kuuzuia.

Asubuhi tatu zinazofuata, kabla ya kuwasha, bonyeza pampu ya mkono na uhesabu ni mara ngapi inazama. Mimi niliandika kwa penseli ndani ya boneti: mbili, mbili, mbili.